Twumasi na Kikombe cha Kwatzi

Jina lake ni Yaw Twumasi, lakini hapa chuoni ukimuulizia kwa jina hilo wataguna na kukuambia hawamjui. Uliza Kaka Usiguse. Wanafunzi ndio waliompa, na hawakumwonea, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka kwanza kila mtu alipovuka kizingiti cha maabara ya kemia. Kabla ya salamu, usiguse. Hata mimi mwenye ufagio aliniambia usiguse siku ya kwanza, nami nikamwuliza sasa nitafagiaje, kwa macho? Tukawa marafiki tangu hapo.

Nimefagia jengo lile miaka kumi na tisa. Kabla yake nilikuwa mtu wa njia, leo niko Bolgatanga na ng'ombe wa watu, kesho Tarkwa nachota maji ya wachimba dhahabu, na mengi ya huko yamenitoka kichwani. Hili la Twumasi halijanitoka. Nimeona niliandike wakati mkono bado unashika kalamu.

Mama yake aliuza mafuta ya mawese Offinso. Alimsomesha mpaka sekondari, hapo mafuta yakagoma kuwa ada. Twumasi akaja chuoni kuosha chupa. Wenzake waliosha chupa na kwenda zao. Yeye aliosha huku akitazama wanachofanya wenye makoti meupe, na jioni alibaki akisoma karatasi zilizotupwa. Baada ya miaka kumi maprofesa wenyewe walikuwa wanamwita: Twumasi, hebu njoo, hii kitu inalia nini? Akapewa koti. Akapewa funguo. Na akapewa mashine ya mwanga aitunze.

Mashine ile wasomi huiita spektrofotometa. Ni sanduku la rangi ya maziwa, ukubwa wake kama sanduku la bibi harusi. Siku moja Twumasi alinifunulia kifuniko chake, akiwa na furaha sijui ya nini, akanieleza.

"Mwanga unaingia kikombeni upande huu, Mjomba, unatokea upande ule. Mashine inahesabu umepungua kiasi gani njiani. Uliopungua umemezwa na kitu kilichomo ndani ya maji. Ukijua umemezwa kiasi gani, unajua kitu hicho ni kingi au kidogo."

"Kama mama anayetazama kimo cha mchuzi ajue watoto wameonja mara ngapi," nikasema.

"Hivyo hivyo!" Akanipiga bega. "Wewe ungekwenda shule ungekuwa hatari."

Kikombe chenyewe si kikombe cha chai. Ni kichupa cha pembe nne, urefu wa kidole cha mtoto, pande mbili zina ukungu na pande mbili ni safi kabisa. Unakishika penye ukungu. Ukishika upande safi, jasho la kidole chako nalo litapimwa. Na kuna mwanga wa aina mbili. Upo huu wa rangi tunaouona, na upo mwingine jicho haliuoni, wanauita urujuanimno. Kwa mwanga wa rangi, kikombe cha kioo cha kawaida kinatosha, navyo tulikuwa navyo boksi zima. Kwa ule usioonekana, kioo ni ukuta wa udongo, haupiti. Huo unataka kikombe cha kwatzi, jiwe jeupe lililoyeyushwa huko ng'ambo. Ukiviweka viwili hivyo mezani, mimi na wewe hatutajua kipi ni kipi.

Vya kwatzi vilikuja vinne zamani. Vitatu vilivunjwa na watu kabla ya Twumasi kupewa funguo. Alibakiziwa kimoja, na kimoja hicho alikitunza miaka kumi na minne katika sanduku dogo lenye kitambaa laini ndani, kama jino la mfalme. Hakuna aliyeruhusiwa kukitia mfukoni, hata hatua tatu. Kuna kijana alikitia mfuko wa shati mara moja tu, Twumasi akamtoa nje mbele ya wenzake akimwambia mikono yake ni ya kutwangia fufuu, ule ugali wetu wa muhogo wa kupondwa.

Hazikupita wiki mbili baada ya hilo. Ilikuwa Januari, harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, imechachamaa, vumbi mpaka kwenye meno. Nilikuwa mlangoni na ufagio wangu. Twumasi alikuwa na chupa mkono wa kulia na chupa mkono wa kushoto, na kile kikombe, Mungu amsamehe, amekitia mfuko wa koti kifuani. Kalamu ikamwanguka. Akainama kuiokota.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo sana. Sahani ya udongo ingelia zaidi.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Kichupa tu, Mjomba. Lete ufagio."

Akafagia mwenyewe. Miaka yote ile sikuwahi kumwona Twumasi ameshika ufagio, na nikaona ajabu, lakini mtu akitaka kufagia mimi ni nani nimkataze?

Yaliyofuata alinieleza baadaye. Alichukua kikombe cha kioo kwenye boksi la vile vya kawaida, akakilaza katika sanduku lenye kitambaa, akafunga. Alijiambia ni kwa siku chache. Wanafunzi wengi muhula ule walikuwa wanapima maji ya rangi, chuma cha maji ya visima na kadhalika, na kioo kwao hakina neno. Alijiambia ataandika barua kuomba kingine, aseme kile kimechakaa. Barua ile aliiandika kichwani kila asubuhi akipiga mswaki. Karatasi haikuiona.

Sasa alikuwapo binti mmoja, Birago, anasoma shahada ya pili. Kwao ni upande wa Ahafo, wanalima kola, zile kokwa chungu za kutafuna. Watu wake huhifadhi kola kwenye vikapu vilivyotandikwa majani mabichi, na huyabadilisha majani yakinyauka, miezi na miezi. Birago alitaka kujua ile kafeini, nguvu yenyewe ya kola, inabaki au inapotea humo majanini. Kafeini haina rangi. Ukiiyeyusha majini unaona maji tu. Inameza ule mwanga usioonekana, na hapo ndipo inapopimika.

Alianza kupima Novemba. Namba zake zilikaa sawa, akizichora zinatoka mstari ulionyooka, na alikuwa akipita koridoni anaimba. Alipenda kunipa kola zilizobaki. Mwalimu wake, Profesa Gyamerah, mtu mfupi mwenye sauti ya chini ambayo watu huiogopa kuliko kelele, alimsifu mbele ya darasa.

Akarudi Januari kumalizia nusu iliyobaki. Siku za kwanza mambo yalikuwa sawa, kisha namba zikaanza kucheza. Maji yale yale, kipimo kile kile, leo mbili, kesho saba, kesho kutwa hakuna kitu. Mwanga ulikuwa haufiki ng'ambo ya pili, na mashine isiyoona mwanga hubahatisha tu, kama mimi nikivua miwani.

"Kaka, mashine inaumwa?" Birago alimwuliza Twumasi.

"Mashine haiumwi, dada. Mkono wako ndio unatetemeka. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Kenke ya mahindi na samaki."

"Basi rudia. Suuza mara tatu."

Alirudia mara kumi na mbili. Nilimhesabu kwa ndoo za maji machafu nilizomwaga. Akaacha kuimba.

Mwishoni mwa mwezi Profesa akaja mwenyewe, na wanafunzi sita nyuma yake. Aliweka daftari la Birago mezani, akafungua penye Novemba, akafungua penye Januari.

"Hizi zimenyooka kama uzi wa seremala. Hizi zinaruka kama panzi. Nisadiki zipi?"

"Zote nilizipima mimi, Prof."

"Sikuuliza nani kapima." Akageuka. "Twumasi, mashine?"

"Nzima, Prof."

"Taa?"

"Mpya, ya mwaka jana."

"Kikombe?"

"Kimo sandukuni mwake, Prof."

Hakusema uongo, unaona? Kikombe kilikuwamo sandukuni. Aliniambia baadaye kwamba maneno yale aliyapanga njiani asubuhi, akayapima kama dawa, ili yasiwe uongo. Nafikiri hapo ndipo alipopotea hasa. Kalamu ilipoanguka ilikuwa bahati mbaya.

"Nionyeshe," akasema Profesa.

Twumasi akachanganya ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, akaifanya nzito na nyepesi, chupa tano, akapima moja moja kwa kikombe kile kile kilichokuwa sandukuni. Zambarau ni mwanga wa rangi. Kioo kinaupitisha bila ubishi. Namba zikatoka zimepangana kama askari wa gwaride. Wanafunzi wakatikisa vichwa kukubali: mashine nzima, nani atabisha?

Profesa akafunga daftari polepole. "Basi, binti. Zile za Novemba ulizitoa wapi?"

Birago alimgeukia Twumasi. Twumasi alikuwa anasuuza kikombe. Alisuuza mara tatu, kisha mara tatu nyingine.

Birago akaambiwa jopo la walimu litakaa Alhamisi ya wiki inayofuata. Asipoweza kuirudia kazi yake au kuieleza, ataandikwa kuwa amepika matokeo, na aliyeandikwa hivyo hapokelewi chuo chochote. Unajua vijana. Kesho yake mtu aliweka mwiko juu ya meza yake, mwiko hasa wa kukorogea, na kila alipopita walimwita mpishi.

"Mpishi, leo umetuandalia nini?"

"Punguza chumvi, mpishi, Prof ana presha!"

Birago alichukua ule mwiko akauweka dirishani, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine aliyekisahau. Twumasi aliona. Nami niliona, nikafagia nikapita, nikajiambia mambo ya wasomi hayamhusu mfagiaji. Sijivunii hilo.

Nyumbani Twumasi hakula. Mkewe Serwaa alitwanga fufuu, akaweka mchuzi wa karanga aupendao, yeye akazungusha tonge bakulini mpaka mchuzi ukaganda. Serwaa akamwuliza kama ana mwanamke. Akasema hana. Serwaa akasema bora ungekuwa naye, ningejua pa kwenda kugombana.

Jumanne, siku mbili kabla ya jopo, akanijia katika kile chumba changu cha fagio, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akanieleza yote niliyoyaandika hapa, toka mfuko mpaka zambarau.

"Mjomba, nimemla mtoto wa watu mzima mzima."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Ukaniombee."

Hapa kwetu mtu aliyekosa haendi kuomba msamaha peke yake, huo ni utovu wa adabu. Humtafuta mkubwa wa kumbebea maneno, na mkubwa akisimama mbele ya watu na mvi zake, ni vigumu kumkatalia. Mimi mvi ninazo. Nikamwambia twende, lakini tuanze kwa yule uliyemkosea.

Birago alikuwa akikaa kwa shangazi yake nyuma ya soko, mwanamke mnene, mshona nguo, futi ya kupimia haimtoki shingoni. Tukapiga hodi kwa kusema "Agoo!" na tukaitikiwa "Amee!" Tukapewa viti. Tukapewa maji. Tulipokwisha kunywa, shangazi akauliza kama inavyoulizwa: hapa ni kwema, je, ninyi mmekuja na habari gani?

Nikaanza mbali. Nikasema duniani mkono huteleza. Nikasema chungu hakivunjiki jikoni kwa asiyepika. Nikazunguka hivyo, nikiona kama nazungumza vizuri, mpaka nikafika kwenye kikombe. Birago alikuwa amekaa kwenye kigoda anakata vifungo. Alipolisikia lile neno, mkasi ukasimama.

"Kilivunjika lini?"

"Januari, mwanangu, wakati wa..."

"Tarehe ngapi?" Hakuwa ananitazama mimi.

"Kumi na mbili," akasema Twumasi. Ndiyo mara ya kwanza kufungua kinywa ndani ya nyumba ile.

Binti akainuka, akaleta daftari, akafungua, akaweka kidole. Tarehe kumi na moja, kipimo cha mwisho kilichonyooka. Tarehe kumi na tatu, cha kwanza kilichoruka. Akakaa akitazama kurasa mbili zile kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Nilidhani nimerogwa," akasema. "Nimefunga siku tatu. Nimemwambia mama asije kuniona."

Shangazi alikuwa amekwisha kusimama. "Kumbe ndiye huyu? Huyu aliyekuwa anakuuliza kama umekula? Ei! Mwanamume mzima na ndevu zake, anajificha nyuma ya msichana! Kaka, ungevaa gauni nikushonee, kiuno ninacho kipimo chake!"

Twumasi aliinama. Mimi nikanyoosha mikono kama inavyotakiwa, nikasema tunaomba, tunaomba, mwenye kosa ameletwa na miguu yake.

"Mjomba," Birago akanikatiza, kwa heshima lakini akanikatiza, "maneno yako nimeyasikia. Wewe sikukatai, na maji yetu umekunywa. Lakini mdomo uliosema mashine ni nzima si mdomo wako. Alhamisi uletwe ule ule."

"Na asije na mzee wa kujikingia," shangazi akaongeza.

Tukatoka. Tulipofika kwenye mtaro wa soko Twumasi akasema, "Nilifikiri kesho ungekwenda kwa Prof, mkazungumza wawili. Polepole. Ingekwisha."

Nilikuwa na wazo hilo hilo, tena nilikuwa nimeanza kutafuta maneno yake. Nikaona haya. Desturi ni nzuri, mimi nimeishi humo, lakini siku ile niliiona inaweza kuwa kanga ya kujifunika.

"Wazee wa pwani walinifundisha zamani," nikamwambia, "mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda mwenyewe."

"Watacheka."

"Watacheka, ndiyo."

Alhamisi kulikuwa na viti vitano mbele, na wanafunzi wamejaa mpaka ukutani, maana aibu ya mtu huvuta watu kuliko mhadhara. Mimi nilikuwa koridoni na ndoo yangu, mlango uko wazi. Birago alisimama karibu na mashine, amefunga kitambaa kipya kichwani. Profesa Gyamerah akamwuliza ana nini la kusema.

"Kaka Twumasi ana la kusema kwanza."

Twumasi alisogea mbele. Alichukua kikombe kutoka sanduku lenye kitambaa, akakitia maji matupu, akakiweka mashinani, akaigeuza mashine kwenye mwanga usioonekana. Kisha akakitoa kikombe, njia ikawa tupu. Akakirudisha. Kila kilipoingia, mwanga ulikufa. Aliyesoma alikwisha kuelewa kabla Twumasi hajafungua kinywa.

"Hiki ni kioo," akasema. "Cha kwatzi nilikivunja mimi tarehe kumi na mbili Januari. Nilikitia mfukoni. Hiki ndicho nilichompa huyu dada apimie. Namba zake za Novemba ni za kweli."

Sauti moja ikatoka nyuma: "Usiguse kagusa!"

Chumba kizima kikapasuka. Walicheka kwa kugonga meza, walicheka kwa kushikana mabega, na yule kijana wa mikono ya kutwangia fufuu alicheka mpaka akakaa chini. Birago hakucheka. Profesa hakucheka. Alingoja mpaka kelele zikajionea haya zenyewe.

"Ulinionyesha zambarau," akasema.

"Ndiyo, Prof."

"Ulijua zambarau itakubali."

Twumasi alitafuta pa kutazama. Angeweza kusema alichanganyikiwa. Nafikiri wangemwamini.

"Nilijua, Prof."

Neno hilo ndilo lililokiua kicheko chote. Profesa akavua miwani. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba yeye naye alikuwa na mikono, na angekipima kikombe kile mwenyewe kwa mwanga usioonekana asingehitaji kumwita mtoto wa watu mwongo. Akamwambia Birago aketi. Alipoketi, Profesa ndiye aliyebaki amesimama.

Waliazima kikombe kutoka chuo kingine, kikaja Jumatatu ndani ya pamba. Twumasi alinyoosha mkono kukipokea, kwa mazoea tu, na Birago akakichukua kabla hakijamfikia. Alipima siku mbili, wajumbe wote watano wakisimama nyuma yake. Mstari ukanyooka. Novemba ikarudi kama ilivyokuwa.

Twumasi hakufukuzwa. Walimnyang'anya funguo, barua ya onyo ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, akarudishwa kuosha chupa, pale pale alipoanzia ujana wake. Koti alilivua mwenyewe, hakuambiwa. Hamkemei mtu tena. Wanafunzi wanashika vikombe upande safi, wanaweka madole yao humo, naye anatazama chupa zake. Jina la utani limebaki, lakini sasa hulitamka mbele yake wakitabasamu, naye huitika.

Siku Birago alipoondoka, kazi yake imepita, alikuja kutuaga. Tulikuwa tumejipanga koridoni, wafanyakazi wote, naye akaanzia mkono wa kulia kwenda kushoto kama ipasavyo, maana kumruka mtu katika mstari ni kumtukana na ukoo wake. Mikono yetu hapa ina namna yake: mnashikana, na mnapoachana vidole vya kati vinakwaruzana na kutoa mlio, tk! Mlio ndio salamu yenyewe. Alinipa mimi wa kwangu, mkubwa, mpaka nikacheka. Akampa mpishi wa kantini. Akamfikia Twumasi.

Hakumruka. Alimpa mkono wake wote, akauliza Serwaa hajambo, akauliza watoto. Twumasi akajibu hawajambo. Kisha binti akautoa mkono taratibu, vidole vimelala, bila mlio, akasogea kwa anayefuata.

Mkono wa Twumasi ulibaki hewani kidogo, kidole cha kati kimekunjwa, kikingoja. Halafu akauingiza mfukoni.